Yaya na Fromaji ya Masisi

Lita kumi za maziwa hutoa kilo moja hivi ya fromaji, yaani jibini. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alianza na hesabu hiyo kila alipomfundisha mtu, maana humo ndimo ilimo sababu ya kazi yenyewe. Maziwa ya Mushaki, kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, hayawezi kulala. Mvua ikinyesha, barabara ya kushuka Sake inageuka tope, pikipiki zinakwama, na yaliyokamuliwa alfajiri yanachacha kabla ya kufika Goma. Fromaji inaweza kungoja barabara ikauke. Mapadre wa Kibelgiji ndio walioleta ufundi huu Masisi katika miaka ya 1970, lakini walioushika mpaka leo ni mafundi wa kwetu, ambao majina yao hayaandikwi popote. Goma na Kinshasa watu hula fromaji ya Masisi, basi. Hakuna anayeuliza ni ya nani.

Yaya alipasha maziwa kwa moto wa kuni na kupima joto kwa mkono. Akishatia dawa ya kugandisha, alikataza mtu yeyote asiguse sufuria wala asiburute kiti karibu nayo. Kisha alichovya kidole kwa mshazari, akakiinua taratibu. Maziwa yaliyoganda yakipasuka kwa ufa mmoja safi, na maji yanayojaa ufa huo yakawa maangavu, yenye rangi ya kijani kwa mbali, alichukua kisu. Maji yakiwa bado meupe alifunika tena, hata kama wanunuzi wamesimama mlangoni na pikipiki inanguruma. Sijamwona mtu mwingine aliyeweza kumkatalia mwenye pesa kwa upole namna ile. “Bado, mdogo wangu,” alikuwa akiniambia mimi, ili wao wasikie.

Baada ya kukandamizwa, fromaji iliingia kwenye maji ya chumvi. Kipimo chake cha chumvi kilikuwa kiazi: kikizama aliongeza, kikielea aliacha. Kutoka hapo ilipanda kwenye mbao, na kila siku ilibidi kuigeuza moja moja, kwa mikono miwili, kwa sababu isiyogeuzwa hulowa chini na kuoza. Alipogeuza aliigonga kwa kifundo cha kidole akitega sikio. Iliyolia utupu aliitenga, ikaliwa nyumbani. Tulikula nyingi za namna hiyo, na zilikuwa tamu.

Kazi kama hii inamtaka mtu akae mahali pamoja, na Masisi haijaachiwa kukaa. Vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, vilienea hadi kwetu, ng'ombe wakaporwa na kuchinjwa mpaka malisho yakabaki matupu. Watu wakaanza upya na ndama wachache. Yaya naye akaanza upya. Februari 2023 mapigano yakafika Mushaki yenyewe, akaondoka na mbao zikiwa zimejaa. Alipita Nyabiondo na Kashebere pamoja na wengine, akaingia Walikale, kwenye msitu na joto, ambako vijana wanachimba kasiterite, madini ya bati, na ng'ombe wengi wanaoonekana ni wale walioswagwa kutoka milimani kwenda kuchinjwa.

Huko nako alitafuta maziwa. Aliniambia kwa simu kwamba amepata ng'ombe mmoja anayenyonyesha, akamwomba mwenyewe, akagandisha kidogo katika sufuria ya kupikia. Fromaji ilitoka jasho kwa joto, ikapasuka. Hakuiuza. Aligawia watoto wa majirani, nao hawakuipenda, jambo lililomchekesha sana. Malaria ilimkuta akiwa bado anapanga kujaribu tena usiku, wakati hewa imepoa kidogo. Amezikwa Walikale.

Nasema wazi kwamba yaya alikuwa fundi mkubwa, na ukubwa huo ulikaa katika kidole kile kilichokataa kuharakishwa. Kijana aliyemfundisha anatengeneza sasa kwenye vilima vya juu ya Sake. Ananunua maziwa kwa majirani waliobakiwa na ng'ombe, anatumia kiazi, anagonga na kusikiliza. Ila anakandamiza zaidi kuliko yaya alivyokandamiza, na fromaji yake ni kavu zaidi. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba vizuizi vya njiani vimeongezeka, safari imerefuka, na ile laini ya yaya isingefika Goma.