Hongera, Mafundi wa Black Mamba

Baiskeli ya Black Mamba haikubuniwa kwa ajili ya vilima vya Gusii. Magurudumu ya inchi 28, fremu nzito ya chuma na breki za vyuma ni mtindo wa Uingereza, uliosambazwa na Raleigh ya Nottingham, kisha ukaigwa India na China. Hata hivyo imepanda na kushuka njia za Nyamira, Keroka na Suneka ikibeba ndizi na maziwa, na wanaostahili sifa ni mafundi wa kando ya barabara.

Ninawapongeza hasa kwa jinsi wanavyomwandaa mwendeshaji wa safari ndefu. Spoku za akiba hulazwa sambamba na bomba la fremu, nati zake zikiwa zimeskurubiwa nchani zisipotee, kisha hufungwa kwa utepe wa tyubu kuukuu. Utepe huo ni kamba leo. Pancha ikitokea, unakatwa kiraka. Gololi hukaa ndani ya grisi kwenye mkebe mdogo wa rangi ya viatu, hazipigi kelele wala hazishiki kutu. Spana hubanwa chini ya tandiko.

Na kuna ile pini inayoshikilia mkono wa pedali. Kwenye mlima mkali, mwendeshaji akisimama na kukanyaga kwa uzito wake wote, hiyo ndiyo hulegea kwanza. Fundi mzuri hamwachi mteja aondoke bila pini ya pili, iliyoviringishwa kitambaani. Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini ujuzi huu bado unastahili wanafunzi.