Mchoraji wa Ngomeni Hana Jina

Ukiingia Fort Jesus, ulizia michoro ya Wareno. Utaukuta ukuta uliojaa meli, makanisa, watu, samaki, hata kinyonga, vyote kwa makaa na ngeu. Na maelezo yake ni mafupi: ati ni askari tu hao, zamu iliwachosha wakawa wanapitisha wakati. Basi. Haya, twende tukaone mizinga.

Hilo "tu" ndilo linalonikera.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa ramani ya Muitaliano Cairati. Mwaka huohuo, mjini Vic-sur-Seille katika jimbo la Lorraine, mwokaji mikate alipata mtoto, Georges de La Tour. Leo wapenzi wa sanaa wanamtaja La Tour kwa heshima kubwa, kwa zile picha zake za watu walionyamaza mbele ya mshumaa mmoja. Lakini alipokufa 1652 alisahauliwa zaidi ya miaka 200. Picha zake zikapewa wengine, mpaka mwaka 1915 Mjerumani Hermann Voss alipoanza kumrudishia kilicho chake.

Kilichomwokoa ni nini? Karatasi. Yako maandishi ya ubatizo wake, ya ndoa yake na Diane Le Nerf mwaka 1617, ya cheo chake cha mchoraji wa mfalme mwaka 1639. Yako hata malalamiko ya watu wa Lunéville mwaka 1646 kuhusu mbwa wake! Majirani walinung'unika, nasi tukapata wasifu. Mwanga wa ule mshumaa, lakini, ulikuwa vilevile kabla Voss hajaja.

Wetu hana karatasi, kwa hiyo tunatazama kazi yake ya uaskari na ukuta hatuutazami. Hebu simama hapo kidogo. Meli zimechorwa na mtu ajuaye chombo: milingoti, matanga, kamba, tezi na omo. Ukija kwa binadamu, mkono unasitasita. Huyu, au hawa, maana mimi naona mikono zaidi ya mmoja, waliijua meli kuliko mwili wa mtu. Si ajabu. Ngome hii iliishi kwa kungoja meli kutoka Goa. Ile ya kuokoa ikichelewa, watu walikufa, na mzingiro wa 1696 hadi 1698 ni ushahidi tosha.

Tena, nani kasema kila mkono ulikuwa wa Mreno? Katika mzingiro huo walikuwamo ndani watu wa Faza, bega kwa bega na Wareno. Sidai kwamba wao ndio waliochora. Nasema makaa hayana kabila, na sisi tumeyapa kabila haraka mno.

Wala sisemi kwamba ukuta huu ni sawa na La Tour. La, si sawa. Yeye kila kivuli alikipanga. Hapa kitu kimewekwa palipobaki nafasi, samaki huku, kanisa kule. Ila ile hamu ya kuikumbuka kamba moja baada ya nyingine, mbali na bahari ya kwao, hiyo haitoki kwa mtu anayepitisha wakati.

Na yule kinyonga je? Hapandi meli, haendi Goa. Aliyemchora alikuwa ameipa bahari mgongo siku hiyo, anatazama upande wetu.