Sifa za Mwali Mdogo

Kufuli lililovunjika na mfereji uliochakaa ni takataka kwa aliyevitupa. Kibera vina wenyewe. Wakusanyaji wa vyuma chakavu huviuza kwa kilo, mafundi huviyeyusha, na ile shaba ya manjano ikishamiminwa kwenye kalibu huwa hereni, bangili na vifungo vya mikoba. Mbunifu wa mitindo wa Uingereza, Vivienne Westwood, alipotengenezesha mikoba yake Nairobi, shaba yake ilitokana na chakavu za namna hii, na mwaka 2011 Juergen Teller akaja jijini kuipigia picha.

Wanaoyasifu mapambo hayo husifu tanuri na nyundo. Mimi nausifu mwali wa tochi ndogo ya gesi ya butani, ile inayoenea kiganjani, kwani ndio unaoamua kama hereni itadumu au itaachana na kulabu yake siku ya kwanza kuvaliwa.

Mtazame fundi akiunga pete. Husugua ncha zote mbili mpaka zing'ae, akazikutanisha hata mwanga usipenye, maana lehemu haizibi pengo. Hupaka boraksi iliyokorogwa kwa maji, akaweka kipande cha lehemu ya fedha kidogo kuliko punje ya mchele, ndipo awashe. Mwali una sehemu mbili: ndani buluu iliyochongoka, nje rangi iliyofifia. Mgeni wa kazi hudhani joto kali limo ndani ya buluu. Liko mbele kidogo ya ncha yake. Tena moto hauelekezwi kwenye lehemu. Huzungushwa kwenye pete nzima, kwa sababu lehemu hufuata joto. Ukiichoma yenyewe hujiviringa, ikakataa kuingia. Boraksi hutokota, hutulia, hugeuka kioo. Shaba huanza kuiva wekundu wa giza. Mara mstari unaong'aa hupita kwenye kiungo, na papo hapo moto huondolewa. Akichelewa, zinki iliyomo kwenye shaba hutoka kwa moshi mweupe, na kiungo hubaki na vitundu. Moshi huo hudhuru mtu, kwa hiyo dirisha lililo wazi nalo ni kifaa cha kazi.

Fundi wa redio wa Kawangware hulehemu kwa bati na risasi, mchanganyiko unaoweza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Naiheshimu sana kazi yake. Lakini lehemu ya fedha hudai zaidi ya nyuzi 600, na kinachozipima ni jicho. Hata majira huingilia: asubuhi ya baridi ya Julai gesi hutoka kwa unyonge, na kopo huzidi kupoa kadiri linavyotumika, hivyo mkono uliozoea joto la Februari lazima usubiri zaidi. Ustadi huu sonara wa Lamu angeutambua mara moja, na sioni kwa nini ulipwe kidogo kwa kuwa umetoka kwenye kibanda cha mabati.

Basi ukifika Maasai Market ukaipenda hereni ya shaba, igeuze kwanza. Tazama pale kulabu inaposhikana na pambo. Ukikuta kiungo laini, kisicho na donge wala kitundu, usianze kukata bei kwa nusu. Mlipe fundi alichotaja.