Kombora la Kichawi Lilivyokwamisha Leseni

Katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, hata mchawi mchanga anaweza kufyatua Magic Missile, makombora ya nuru yasiyokosa shabaha. Kila moja humjeruhi adui kwa kete ya pande nne, ukiongeza moja. Januari 2023, uchawi huo mdogo uligeuka mfano wa kisheria.

Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo, walitoa rasimu ya leseni ya kuwaruhusu wengine kutumia kanuni zake, OGL 1.2, pamoja na sera ya meza za mtandaoni: programu kama Roll20 na Foundry, ambamo wachezaji walio sehemu tofauti hukutana juu ya ramani moja. Programu iliruhusiwa kuonyesha maelezo ya uchawi, kurusha kete, hata kumpunguzia adui uhai. Kilichokatazwa ni picha ya kombora likikatiza ramani. Mezani, kampuni ilidai, mchezaji huliona kombora akilini tu; akichorewa, huo si mchezo wa mezani tena.

Mpaka huo ulichorwa pabaya. Hakimiliki hulinda maandishi na michoro, si wazo la mwali wa nuru unaoruka. Tena kampuni yenyewe ilikuwa ikijenga meza yake ya picha za pande tatu, kwa hiyo sera ingemfunga mshindani kabla ya shindano.

Wachezaji walikataa kwa kishindo. Tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya Creative Commons, leseni isiyofutika.

Ila hizo ni kanuni. Visa vyenyewe, yaani hadithi zilizoandikwa tayari kuchezwa, kama Curse of Strahd cha 2016, vilibaki chini ya kufuli. Mwenye kitabu cha karatasi hapati nakala ya Roll20; aliyenunua nakala ya Roll20 hawezi kuihamishia D&D Beyond, tovuti ya kampuni yenyewe. Foundry ilianza kuuzwa 2020, lakini visa rasmi vya D&D viliifikia 2024. Uwezo wa kiufundi ulikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa. Msimamizi wa mchezo aliyetaka kutumia Foundry alikaa usiku akinakili chumba baada ya chumba, adui baada ya adui.

Paizo, wachapishaji wa mchezo shindani wa Pathfinder, walipita njia nyingine. Visa vyao huuzwa kama faili za PDF, kila ukurasa ukiwa na alama ya mnunuzi, naye huifungua popote. Na aliyekwisha kununua PDF ya kisa cha Abomination Vaults alipunguziwa bei alipotaka toleo la Foundry.