Jambazi Mwenye Deraya ya Kioo: Ugumu Kama Usimulizi

Tukisema gemu fulani ni ngumu, mara nyingi tunawaza mapigano tu: adui ana nguvu kiasi gani, umekufa mara ngapi. Ila kwenye gemu za RPG zenye dunia wazi, ugumu una kazi nyingine, na sisi wapenzi wa hadithi tunapaswa kuijali kuliko wengine. Ugumu ndio unaosimulia mahali. Unakuambia msitu huu ni wa nani, na wewe ni nani ndani yake.

Hebu tuanze na Oblivion, iliyotolewa na Bethesda mwaka 2006. Inakuruhusu kwenda popote tangu mwanzo, na ili uhuru huo usikuue, karibu maadui wote wanakua pamoja na wewe. Ukipanda leveli, nao wanapanda. Wazo zuri kulisikia, lakini angalia linavyoishia: unafika leveli za juu, halafu jambazi anakuvizia njiani akidai sarafu zako, mwenyewe kavaa deraya ya kioo yenye thamani mara nyingi ya hizo anazodai. Kwa nini asiiuze tu, aache ujambazi? Kuna pia mji wa Kvatch unaoungua moto. Ukienda mapema, ukiwa dhaifu, kazi inawezekana. Ukijinoa kwanza ndipo uende, unakuta viumbe wakali zaidi. Yaani kukua kunageuka adhabu, wakati hadithi yenyewe inakuita shujaa.

The Witcher 3 ya CD Projekt Red, ya mwaka 2015, ilipita njia nyingine. Kila eneo limepangiwa leveli yake, na adui anayekuzidi sana anawekewa fuvu jekundu kichwani. Basi, angalau dunia haikufuati. Tatizo ni kwamba hofu imehamia kwenye namba. Zimwi la maji la White Orchard unalimaliza kwa mapigo machache. Mwenzake mwenye sura ileile, mbali kidogo, anakutandika vibaya. Na Geralt, kwa vitabu vya Andrzej Sapkowski vilivyomzaa, ni muwindaji mzoefu wa mazimwi. Gemu hii inaokolewa na uandishi: kisa cha Baron wa Velen na familia yake kingesimama hata bila upanga.

Sasa Elden Ring, kazi ya FromSoftware, Februari 2022. Ukitoka tu kwenye uwanda wa Limgrave, unamwona mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu akizunguka njiani. Hana namba wala fuvu. Una macho yako tu. Wengi wanamsogelea na kula kichapo, ndipo wanaelewa kumbe inaruhusiwa kumzunguka. Margit naye amekaa njiani kuelekea ngome ya Stormveil. Akikushinda, geuka kusini, tembea, jiimarishe, rudi. Ukiingia Caelid, mbingu nyekundu na ardhi iliyooza vinakuonya kabla ya adui yeyote. Na siku unapomwangusha yule mpanda farasi, unajua umebadilika, kwa sababu yeye hakubadilika.

Elden Ring nayo ina dosari. Ukizurura sana, mabosi kadhaa wanaanguka kabla hujajua walikuwa na mbinu gani. Na haina sehemu ya kuchagua ugumu. Mtu mwenye ulemavu wa mikono, au mwenye saa mbili tu kwa wiki, anabaki kupewa ushauri wa kuita msaada au kutafuta silaha nzuri zaidi. Ni lawama ya haki. Oblivion inakuruhusu kupunguza ugumu kwenye mipangilio, lakini hapo unawashusha maadui wote kwa pamoja. Pango na barabara kuu vinabaki na uzito uleule. Kumrahisishia mchezaji na kuisawazisha dunia ni mambo mawili tofauti, na hakuna sababu ya gemu moja kushindwa kutupa la kwanza bila la pili.

Bethesda wenyewe walilijua hili. Morrowind yao ya mwaka 2002 ilikuwa na sehemu nyingi zisizojali leveli yako. Kwa hiyo kama unapenda hadithi na hujawahi kugusa gemu hizi, swali la kuuliza kabla ya kununua si ukubwa wa ramani. Uliza kama kuna mahali kwenye ramani hiyo patakapokufukuza leo, na kukupokea ukirudi.