Usizime: Namna ya Kuihoji Chipu Ikiwa Hai

Fundi wa Kalemie akiletewa kifaa kinachosumbua, mkono wake huenda kwenye bateri kwanza. Anachomoa waya, anafungua boksi, anabeba kibao hadi mezani, ndipo anaanza kutafuta ubovu. Kwa redio au taa ya sola desturi hiyo haina neno. Kwa kibao chenye maikrokontrola, kuchomoa bateri ni kufuta ushahidi. Kibao ninachokichambua hapa kisingejulikana kinaumwa nini laiti kingezimwa na kubebwa.

Kilikuwa kipimo cha kimo cha ziwa, kimefungwa kwenye nguzo ya gati, uso wake ukitazama maji. Sababu ya vijana wa hapa kwetu kukiunda inajulikana na kila anayeishi ufukweni: mwaka 2021, na tena 2024, Tanganyika ilipanda ikaingia mitaani, hapa kwetu kama kule Uvira na Bujumbura. Ziwa hili lote lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga, unaoanzia hapa hapa Kalemie. Katika mwaka wa kawaida tofauti kati ya maji ya masika na maji ya kiangazi haifiki mita moja, kwa hiyo sentimita chache zina maana kubwa kwa mtu ambaye ukuta wake uko karibu na mchanga. Wazo lenyewe si geni: Nyeri, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wamekuwa wakipima vina vya mito kwa njia hiyo hiyo ya mawimbi ya sauti, ila wao hutuma takwimu kwa redio ya LoRa. Vijana wetu walichagua SMS, kwa kuwa mnara wa simu tayari upo.

Ndani ya boksi mlikuwa na sensa ya sauti, moduli ya simu aina ya SIM800L, na kile kibao kidogo cha buluu ambacho kila mwanafunzi wa elektroniki amewahi kukishika, Blue Pill. Chipu yake ni STM32F103C8: flashi ya kilobaiti 64, RAM ya kilobaiti 20, mwendo wa megahezi 72. Kila saa kinapima, kinaandika ujumbe, kinatuma.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Ujumbe mmoja unaingia mara mbili, pengine mara tatu, hasa jioni. Baada ya siku kadhaa salio la simu linakwisha na kibao kinanyamaza. Ilionekana wazi kwamba chipu inawaka upya katikati ya kazi na kuanza kutuma tena kile ilichokwisha kutuma.

“Papa, ni kuran tu,” kijana aliyekiunda aliniambia, na haikuwa hukumu ya ovyo. SIM800L inaporusha mawimbi huvuta umeme hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Waya mwembamba au regyuleta dhaifu ikishindwa kuhimili, volti zinaanguka na chipu inazimika. Ni kosa maarufu kiasi kwamba mafundi hawalichunguzi tena, wanalitibu tu. Walikuwa wamekwisha kuongeza kapasita kubwa, wakabadilisha waya, wakabadilisha na bateri. Jumbe zikaendelea kuja mbili mbili.

Njia ya pili ambayo wengi huikimbilia ni kuifanya programu iseme: unatia mistari ya kuandika “nimefika hapa”, “nimefika pale”, kisha unasoma kwenye skrini. Inasaidia, sikatai. Lakini lazima uandike programu upya, uipakie upya, na chipu itakuambia yale tu uliyofikiria kuuliza kabla ya tatizo kutokea. Dibaga ya vifaa, yaani kifaa cha kuchungulia ndani ya chipu ikiwa hai, inakuruhusu kuuliza baada ya tukio, tena swali ambalo jana hukuwa nalo.

Mlango wa kuingilia umo ndani ya chipu tangu kiwandani. Zamani ulikuwa JTAG, iliyobuniwa na kundi lililoanza mwaka 1985 kwa ajili ya kupima vibao vilivyolehemewa, ikawa kiwango rasmi cha IEEE mwaka 1990. Chipu za familia ya Cortex-M zina mlango mwembamba zaidi uitwao SWD: waya wa data, waya wa mapigo, na ardhi. Kwenye Blue Pill ni SWDIO kwenye pini PA13 na SWCLK kwenye PA14, na zote zimeletwa kwenye meno manne ya pembeni ya kibao. Upande wa pili unahitaji kifaa cha kutafsiri kati ya nyaya hizo na USB. ST-Link ya bei rahisi, ile yenye umbo la flashi ya USB, inatosha. Asiyeipata anaweza kuchukua Raspberry Pi Pico na kuipakia programu ya kuigeuza dibaga.

Kwenye nyaya ndiko watu wengi wanakokwamia, kwa hiyo niseme kwa kirefu kidogo. Hizo ST-Link za kuigiza hazina mpangilio mmoja wa pini. Usiamini picha uliyoiona mahali, soma maandishi ya ganda lake, na ukitia shaka fungua ganda usome ubao wa ndani. Pini yake ya volti 3.3 hutoa umeme. Kibao kikiwa na bateri yake, usiiunganishe kabisa, maana utakuwa unasukumiza vyanzo viwili vya umeme kichwa kwa kichwa. Anza na ardhi, kisha data na mapigo. Nyaya ziwe fupi, zisizidi shibiri moja. Kompyuta itumie bateri yake yenyewe, isiwe kwenye jenereta. Na katika nyingi ya ST-Link hizo pini iliyoandikwa RST haifanyi kazi yoyote kwa SWD, kwa hiyo usiitegemee.

Upande wa programu tulitumia OpenOCD, kazi iliyoanza kama tasnifu ya Dominic Rath huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 2005, na leo inapatikana bure. Amri ni moja:

openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f1x.cfg

Jaribio la kwanza lilikataa kwa kulalamikia namba ya utambulisho. STM32F103 halisi hujitambulisha kwa 0x1ba01477. Hii yetu ilijibu 0x2ba01477. Yaani chipu si ya kiwanda kinachoandikwa mgongoni mwake, ni mwigo. Masoko yetu yamejaa mwigo wa namna hiyo, na mara nyingi unafanya kazi vizuri. OpenOCD unaiambia tu ikubali namba hiyo kwa kutanguliza “set CPUTAPID 0x2ba01477”. Ila ni vizuri kujua umeshika nini, maana kurasa za kiwanda hazikuhakikishii tena kila kitu.

Sasa lile jambo lililotufanya tubebe kompyuta hadi gatini badala ya kubeba kibao hadi mjini. OpenOCD ikijiunga, haiwashi chipu upya. Inaingia kimya, programu ikiendelea kukimbia. Mafunzo mengi humwelekeza mwanafunzi aanze na “reset halt”, na programu nyingi zenye madirisha ya kupendeza huiwasha upya chipu zenyewe kabla hujagusa kitu. Kwa kupakia programu mpya ni sawa. Kwa uchunguzi ni hasara, kwa sababu chipu hii ina rejista inayokumbuka kwa nini iliwaka upya mara ya mwisho, na kila unachokigusa kinaweza kuongeza alama zako juu ya zile za mhalifu.

Rejista hiyo ni RCC_CSR, anwani 0x40021024. Tukaingia kwa telnet mlango 4444 tukaandika:

mdw 0x40021024

Haikuhitajika hata kuisimamisha chipu. SWD husoma kumbukumbu programu ikiendelea na safari yake. Tarakimu mbili za mwanzo zilitoka 2c. Chipu iliyowashwa kwa kawaida na bateri huonyesha 0c, yaani alama ya umeme kuwashwa na alama ya pini ya reseti. Hiyo 2 iliyopanda mbele ni biti ya 29, na biti ya 29 ina maana moja tu: saa-mlinzi ndiyo iliyoangusha chipu. Kuna jingine ndani ya jibu hilo. Umeme unapoanguka kweli hadi chipu izimike, alama zote hufutika na kubaki 0c. Kwa kuwa 2 ilikuwa bado ipo, umeme haukuwa umekatika tangu mlinzi afanye kazi yake. Kesi ya kuran ikafia hapo, pamoja na gharama zote za kapasita.

Saa-mlinzi ni kihesabio kinachojitegemea. Programu inapaswa kukirudisha mwanzo mara kwa mara; ikichelewa, kinadhani programu imeganda na kuiwasha upya. Kwa hiyo swali likawa: programu iliganda wapi? Ugumu ni kwamba ukichelewa kuisimamisha, mlinzi anakuwa ameshaiangusha, na rejista za kichakato zimeanza upya. Lakini RAM haifutiki kwa reseti ya aina hiyo. Inaanza kufutwa na mistari ya mwanzo ya programu yenyewe. Ukiisimamisha chipu kabla ya mstari wa kwanza kutekelezwa, mabaki yote unayakuta yalivyo. Cortex-M3, kiini cha chipu hii, inayo namna ya kufanya hivyo:

cortex_m vector_catch reset

Tukaacha ikimbie, tukasubiri jioni. Kusubiri namna hii hakuna madhara kwa kipimo cha maji, lakini mtu asiige moja kwa moja kwenye chaja ya sola. Ukisimamisha kichakato cha chaja kwenye brekipointi, taima zake kwa kawaida zinaendelea kupiga PWM kwa kiwango cha mwisho kilichowekwa, huku programu iliyokuwa inatazama volti za bateri imelala. Transista inaungua wewe ukiwa unasoma skrini. Na vifaa vya kibiashara mara nyingi huwa vimefungwa visisomwe. Kuvifungua kwa nguvu hufuta programu yote iliyomo.

Chipu yetu iliposimama, tukasoma mwisho wa RAM, mahali stakabadhi za kazi zinaporundikwa. RAM ya kilobaiti 20 inaanzia 0x20000000 na kuishia 0x20005000, kwa hiyo “mdw 0x20004f80 32” ilitupa maneno 32 ya mwisho. Humo unatafuta namba zinazoanza na 0800, maana hizo ni anwani za flashi, na zinazoishia kwa namba witiri, maana ndivyo chipu hii inavyoandika anwani ya kurudi. Namba nyingine ni takataka za kazi, ziache. Kila uliyoipata unaipa addr2line pamoja na faili la ELF, nayo inakutajia faili na mstari. Mnyororo ulikuwa mfupi: programu kuu, kutuma ujumbe, kusubiri jibu la moduli.

Chumba cha kupokelea herufi kilimalizia maelezo. Moduli ilikuwa imetoa alama yake ya “>”, imepokea matini yote, na ilikuwa bado haijarudisha “+CMGS”, yaani uthibitisho kwamba mtandao umeuchukua ujumbe. Hakukuwa na kuganda. Programu ilikuwa inasubiri kama inavyotakiwa.

Hapo hesabu mbili zikagombana. Mwongozo wa SIM800 unasema jibu la amri ya kutuma SMS linaweza kuchukua hadi sekunde 60. Saa-mlinzi ya STM32F103 hupigwa na osileta ya ndani ya kilohezi 40, ikigawanywa kwa 256 na kuhesabu 4096, kwa hiyo kikomo chake cha juu kabisa ni kama sekunde 26. Tena osileta hiyo si sahihi: kiwanda kinairuhusu iwe popote kati ya kilohezi 30 na 60, maana yake mlinzi anaweza kuuma kwenye sekunde ya 17 au akavumilia hadi ya 35. Mchana mtandao ukiwa mwepesi jibu linarudi haraka na hakuna anayeona kitu. Jioni mitaa yote ikiwa hewani, jibu linachelewa, mlinzi anaangusha chipu, huku ujumbe wenyewe umekwisha kuondoka. Chipu inaamka bila kumbukumbu ya hilo, inatuma tena. Ndiyo maana kibao cha pili chenye programu ile ile, kilichobaki nyumbani kwa kijana, hakikuwahi kusumbua kwa kiasi hicho; sishangai, kila chipu ina osileta yake.

Dawa ilikuwa mistari michache. Kitanzi cha kusubiri sasa kinamtuliza mlinzi, lakini kwa sekunde 70 tu tangu ujumbe kupelekwa. Baada ya hapo kinaacha kumtuliza, ili moduli ikifa kweli chipu iangushwe. Na kabla ya kutuma, namba ya ujumbe inaandikwa kwenye sehemu ya RAM isiyofutwa wakati wa kuwaka, hivyo ujumbe hautumwi mara mbili hata reseti ikitokea.

Tuliongeza na kitu kimoja ambacho ningekipendekeza kwa kila anayefunga kibao mahali pa mbali. Programu inapoanza, husoma RCC_CSR, huhifadhi tarakimu zake mbili za mwanzo, kisha huzifuta alama kwa biti ya 24 ili zisirundikane. SMS ya kwanza baada ya kuwaka huzibeba mwishoni. Ikija 0c, bateri ilikatika au mtu aliichomoa. Ikija 04, kuna aliyebonyeza kitufe cha reseti. Ikija 24 ni mlinzi, na hapo ndipo inafaa kufunga safari ya gatini na kompyuta.