NGE, NGALI NA SHARTI LA NYAKATI MBILI

Iko kanuni moja ya sarufi ambayo karibu kila aliyesoma Kiswahili shuleni aikumbuka: -nge- hufuatwa na -nge-, na -ngali- hufuatwa na -ngali-. Anayechanganya hukatwa alama. Kanuni hii imewasaidia walimu wengi, nasi hatukusudii kuitupa. Lakini inapoingia mikononi mwa mfasiri wa Kiingereza mara nyingi huharibu maana, na pengine huharibu haki ya mtu.

Tuchukue sentensi ya aina ipatikanayo katika barua za ofisi: "If he had signed the form, he would be on leave now." Sharti lake ni la wakati uliopita: fomu haikutiwa saini. Tokeo lake ni la wakati uliopo: mtumishi yuko kazini leo. Mfasiri anayeiogopa kanuni huandika, "Angalitia saini fomu, angalikuwa likizoni." Msomaji asiyeiona barua ya asili ataelewa kwamba likizo yenyewe imekwisha kupita, na aliyeikosa hana tena cha kudai. Mwingine hukimbilia upande wa pili, "Angetia saini fomu, angekuwa likizoni," na hapo yaonekana kama kwamba nafasi ya kutia saini bado ipo. Tafsiri iliyo sahihi ni ile ile ambayo mwalimu angeipiga mstari kwa wino mwekundu: "Angalitia saini fomu, angekuwa likizoni sasa."

Kinyume chake pia chawezekana. "Angekuwa mwangalifu, asingaliupoteza ufunguo" yaeleza kwanza tabia ya mtu ya siku zote, kisha hasara iliyokwisha kutokea. Ukiandika "angalikuwa mwangalifu" umemlaumu kwa siku moja tu.

Tutaambiwa kwamba katika mazungumzo watu wengi hutumia -nge- kwa nyakati zote, na husikilizana. Ni kweli. Wanaozungumza wako pamoja, na asiyeelewa huuliza. Waraka hauulizwi.

Sentensi za namna hii zahitaji jina. Jina la "sharti mseto" ni rahisi kutamka, lakini halituridhishi. Mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hata visitengeke, ilhali hapa kila wakati wasimama peke yake, na maana yote imo katika kutengana huko. Twapendekeza "sharti la nyakati mbili". Ni refu kidogo, lakini mwanafunzi akilisikia amekwisha kufundishwa nusu ya somo.

Tamko la "I wish" lina mtego wake. Kiingereza hurudisha kitenzi nyuma hatua moja ili kuonyesha kwamba jambo linalotakiwa halipo. Hivyo "I wish I knew" si habari ya jana, bali ni kutojua kwa leo. Mfasiri atazamaye umbo tu huandika "Natamani nilijua", sentensi ambayo Mswahili hawezi kuisema. "Laiti ningejua" yatosha. Na "I wish I had known" ni "laiti ningalijua". Hapa -nge- na -ngali- zafanya kazi ile ile ya kutenga nyakati, na hakuna kanuni ya kuzioanisha inayoweza kutusumbua.

Hata hivyo laiti, neno tulilolipata katika Kiarabu, hubeba majuto, na halifai kila mahali. Mkuu wa idara aandikaye kwa Kiingereza kwamba angependa watumishi wawahi kazini haombolezi; anaagiza kwa upole, na "ingefaa watumishi wawahi kazini" yamtosha. Ama "I wish to apply", hiyo ni "naomba" tu. "Natamani kuomba" tumekwisha kuiona katika barua, na mwandikaji wake, kwa kadiri tuelewavyo maneno yake, bado hajaomba.